Neno Nililokunyang'anya

Kyimo, Jumapili jioni

Mwanangu Tusekile,

Umesoma sawasawa. Nimeandika "mwanangu", na kalamu haikuteleza. Tangu uje kwetu ukiwa na miaka kumi sijawahi kukuita hivyo, kwa mdomo wala kwa maandishi, na najua umerudia kulisoma neno hilo ukidhani barua ni ya mdogo wako Lusajo. Lusajo ana miaka sita, hajui kusoma, na kesho haendi popote. Barua ni yako.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kufunga sanduku kwa kamba, wala za kutonunua vyakula vya dirishani njiani. Mama Lusajo amekwisha kukuambia hayo yote, na mengine amekuambia mara tatu. Hivi sasa mko jikoni mnabishana juu ya ndizi za safari. Yeye anataka ubebe mkungu mzima mpaka Tanga, kana kwamba Tanga hawali. Mvua inapiga bati, kwa hiyo hamnisikii nikivuta kiti. Nataka nimalize kabla hamjaita watu mezani.

Ninaanza na ile fomu ya chuo. Jumatano uliniwekea mezani, chini ya kikombe changu ili isipeperuke. Umeijaza vizuri, kwa mwandiko wako ule wa kulala. Ukurasa wa tatu, palipoandikwa mzazi au mlezi, umeandika jina langu kamili. Chini yake kuna mstari mmoja mfupi: "Uhusiano na mwanafunzi." Hapo hukuandika kitu. Ulisimama mlangoni, ukakohoa kidogo, nikageuka, ukasema, "Pamebaki pale chini." Kisha ukachukua ndoo ukaenda bombani.

Siku nne nimekaa na mstari ule. Mtu mwingine angeandika "mlezi", akatia sahihi, akaendelea na shughuli zake. Mimi nimeshindwa. Sababu nataka uisikie kwangu mwenyewe, maana sehemu yake ulikuwa mdogo mno kuielewa, na sehemu nyingine nadhani unaikumbuka kuliko ninavyopenda.

Baba aliyekuzaa, kaka yangu Gwakisa, alifariki ukiwa na miaka mitano. Homa ilimlaza Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata tukamzika. Siku ya kumaliza matanga wazee walinisimamisha mbele ya watu, wakakuleta wewe ukiwa umevaa gauni la mtu mwingine, wakasema, "Tata wako huyu hapa." Hawakuwa wakikudanganya. Sisi Wanyakyusa tunalo neno hilo moja tu, tata. Ni baba aliyekuzaa, ni ndugu zake wote wa kiume, na hata ukikutana njiani na mwanamume wa heshima usiyemjua unamwambia "ndaga, tata", na hakuna atakayesema umekosea. Kiswahili kilinipa cheo kidogo, baba mdogo. Kiingereza nilichosoma shuleni kilinisogeza mbali zaidi, kikaniita anko. Lakini wewe hukujua Kiswahili wala Kiingereza wakati ule. Ulijua tata amelala mchangani, na tata mwingine amesimama hapa mwenye viatu. Ulinishika kidole na hukukiachia mpaka ulipopata usingizi.

Sasa desturi ile ile iliyonipa mtoto ilitaka kunipa na mjane. Hapo palikuwa na ugumu. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha chai, mwanakwaya, na tayari nilikuwa nimeshaongea na binti mmoja wa Suma, huyu anayebishana nawe jikoni. Kanisa lilikataza kurithi wajane. Mama yako mzazi naye hakutaka. Alicheka akasema hawezi kuolewa na mtu ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimfuta kamasi. Tulikubaliana vizuri yeye na mimi, bila ugomvi. Kukataa kumrithi hakukuwa kosa, na mpaka leo sijutii.

Kosa lilikuja miezi michache baadaye. Wakwe wa Suma walikuja kwetu kutazama nyumba na kuzungumza mahari. Alikuja babu yake Lusajo, akaja na mdogo wake na shangazi mmoja mwenye macho makali. Siku ile ilinyesha mvua ya mawe, migomba ikachanika, na mimi nilikuwa nimevaa suti ya kuazima yenye mikono mifupi. Watu wa Suma walikuwa wameshasikia maneno ya barabarani, kwamba yule karani ana mjane wa kaka yake pale pale uani. Nilijua wamesikia. Nilikuwa nimeketi kama mtu anayengoja kudungwa sindano.

Mara ukaingia wewe mbio, umelowa, una barafu ya mvua mkononi. Ulitaka kunionyesha kabla haijayeyuka. Ukanipandia magotini ukaniita, "Tata! Tata, tazama!"

Wageni wakatazamana. Nililiona lile jicho moja tu, babu wa Suma kwa mdogo wake, na nikaona ndoa yangu inatoka mlangoni. Nikakushusha magotini. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie: "Mimi siyo tata wako. Tata wako amekufa. Niite anko."

Kiswahili hukukijua bado, lakini mikono iliyokushusha uliielewa. Ulisimama pale. Barafu iliyeyuka mkononi mwako na hukuitupa. Kisha ukatoka, hukulia, na kutoka siku ile hukuniita kwa neno lolote. Si tata, si anko, si baba mdogo. Miaka kumi na minne.

Mahari ilikubaliwa, ila waliongeza ng'ombe mmoja juu ya idadi tuliyotarajia, na sikuelewa kwa nini. Niliona ni tamaa ya watu wa Suma. Nilioa. Wewe na mama yako mkahamia Ikuti kwa wajomba zako, na mimi nikajiambia mambo yamenyooka.

Nataka nikusimulie juu ya mtu mmoja, kwa sababu tangu Jumatano nimemkumbuka sana. Kiwandani alikuja fundi wa kufunga mashine za kukaushia chai, Mzungu kutoka Yugoslavia, tulimwita Mista Miro. Kiswahili chake kilikuwa "bado" na "twende". Asubuhi moja kina mama wachumaji walipita na vikapu wakamsalimu kwa adabu, "Ndaga, tata." Yule mtu akaacha spana. Akatoa picha mfukoni, wasichana wawili wenye nywele nyeupe, akajigonga kifua: "Tata. Mimi, tata." Kumbe kwao nako mtoto anamwita baba yake hivyo hivyo. Alikuwa hajasikia neno hilo kwa mwaka mzima, na hapo likamfikia kutoka kwa mama mwenye kikapu kichwani. Alilia waziwazi mbele ya mashine, na wale kina mama wakamlilia bila kujua sababu, kama tunavyofanya sisi. Mimi ndiye niliyetafsiri. Alipomaliza kupangusa macho akaniuliza kwa Kiingereza, "Na wewe, una watoto?"

Nikasema sina.

Wewe ulikuwa Ikuti, ukienda shule bila viatu, na mimi nilikuwa na kidole ulichokishika. Hilo ndilo kosa langu la pili, Tusekile, na kwangu ni baya kuliko la kwanza. Lile la kwanza lilikuwa la hofu. Hili la pili hakuna aliyekuwa akinitazama.

Nimelisikia neno hilo mahali pengi tangu hapo, maana ukishakuwa na kidonda kila mtu anakukanyaga. Watoto wa meneja walikuwa wakipita ndani ya Landrova wakatupungia mikono, "ta-ta, ta-ta", na kwao ilikuwa ni kuaga. Lusajo amejifunza hivyo hivyo chekechea, na kila basi likipita barabarani analipungia. Dereva mmoja Mkongo aliyeharibikiwa na lori pale Kyimo aliniita tata siku tatu mfululizo kwa sababu nilimpa chumvi. Na Waswahili, kama unavyojua, tata kwao ni uzi uliofungamana. Mtu aliyeoa lugha tatu kama mimi hana pa kujificha.

Ulikuja kwetu mama yako alipoolewa tena. Ukweli ni huu: si mimi niliyesema uje, ni mama Lusajo. Alisema, "Mleteni, nyumba hii ina nafasi," wakati ule tukiwa hatujapata mtoto na watu wanahesabu miaka yetu kwa niaba yetu. Wiki ya kwanza tu ukamwita mama. Ulilitoa jepesi, ukiwa unamenya ndizi. Nilikuwa dirishani nikasikia, nikangoja zamu yangu. Haikuja.

Nikaanza kuona ustadi wako. Ukitaka kunisemesha ulikuwa unasimama mahali nitakapokuona. Nisipokuona, unakohoa. Chakula kikiwa tayari ulimtuma mtu mwingine, na nyumba ikiwa haina mtu mwingine uligonga sufuria na mwiko. Siku moja uliniletea chakula kiwandani. Mlinzi alikuuliza getini, "Unamtaka nani?" Nilikuwa nyuma ya magunia, hatua kumi. Ukatafuta neno, ukasema, "Yule wa mizani. Mwenye shati la kijani." Mlinzi akasema, "Baba yako?" Ukarudia, "Mwenye shati la kijani."

Nilipaswa kutoka pale nyuma ya magunia. Nilikaa mpaka ulipoondoka. Mama Lusajo naye aliwahi kuniuliza kwa nini huyu mtoto haniiti, nikamjibu ni haya za kike tu, zitaisha. Nimekaa na uongo huo ndani ya nyumba yangu miaka tisa na nimeupa chai asubuhi na jioni.

Halafu kuna lile jambo ambalo hujui kwamba nilikuona. Lusajo alikuwa na mwaka mmoja, umempakata uani, mimi nilikuwa nimetoka kazini nimesimama pembeni ya nyumba navua mabuti. Ulikuwa unamfundisha. Unamwonyesha picha yangu ya harusi kupitia dirishani, unamwambia polepole, "Sema ta-ta. Yule pale. Ta-ta." Akajaribu, akashindwa, ukarudia. Ulirudia mara nyingi sana, na kila mara ulilisema vizuri, kwa sauti ile ile ya siku ya barafu. Jioni yake Lusajo aliniita kwa mara ya kwanza, watu wakapiga vigelegele, na wewe ukapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe. Nililia kule zizini, Tusekile. Neno nililokunyang'anya wewe ulikuwa umelitunza bila kulitumia, kisha ukampa mwanangu bure.

Ungeweza kunichukia na mtu yeyote mwenye akili angekuelewa. Badala yake ulipiga pasi mashati yangu. Kiwanda kilipouzwa na sisi makarani wa zamani tukapunguzwa, wewe ulikuwa kidato cha pili, na niliporudi na ile barua yangu ya kuachishwa, ulikwenda shambani kesho yake alfajiri kuchuma chai kabla ya shule. Watu wanasema siku hizi za ruksa kila kitu kinapatikana madukani, sukari, sabuni, redio za kila namna. Ni kweli, nami nashukuru. Lakini kile nilichokuwa nakitaka hakikuwa kwenye duka lolote, na mwenye nacho alikuwa anakula meza moja nami.

Jana nilikwenda Tukuyu mjini kuchukua sare zako kwa Mzee Shabani. Unamjua, babu yake alitoka pwani na cherehani begani, na yeye hajaacha kutukumbusha. Nilimkuta amekasirika kama kawaida, analaani mitumba iliyomwachia kazi ya kupunguza suruali za Wazungu wanene. Mkononi alikuwa na bunda la uzi lililofungamana, kazi ya mjukuu wake. Nikamwambia, "Mzee Shabani, kata hilo, chukua uzi mwingine, uzi siku hizi si umejaa madukani?"

Akanitazama juu ya miwani. "Karani wewe, tata halikatwi. Ukilikata unabaki na vipande, na vipande havishoni. Unatafuta ncha yake. Ikipatikana ncha, lenyewe linakufuata."

"Na ncha isipoonekana?"

"Ipo palepale lilipoanzia. Mwulize aliyelivuruga." Kisha akaanza tena habari za mitumba, akanitoza shilingi mia mbili zaidi ya tulivyopatana, kwa ajili ya vifungo.

Nilirudi na sare zako kwapani nikifikiria tata langu lilianzia wapi. Halikuanzia kwako. Hukuvuruga kitu, ulileta barafu tu. Lilianzia mbele ya macho ya wale watu wa Suma. Nilikukana hadharani, kisha nikataka kulitengeneza kimya kimya, kwa karo, kwa viatu, kwa kuongeza nyama kwenye sahani yako. Nyama ulikula, karo ukasoma, na mambo yakabaki pale pale.

Kwa hiyo leo baada ya ibada sikurudi nyumbani. Mliniuliza nilikuwa wapi nikasema nilikuwa na shughuli. Nilichukua jogoo yule mwekundu, mama Lusajo akidhani ameliwa na kicheche, nikadandia pikapu ya chai mpaka njia panda, nikatembea mpaka Suma kwa babu yake Lusajo.

Mzee amechoka sana sasa, anaota jua barazani hata kama jua halipo. Nilimpa jogoo, nikasalimia, tukaulizana habari za shamba. Kisha nikasema, "Baba, nimekuja kwa habari ya siku mliyokuja kwetu kutazama."

"Siku ya mvua ya mawe?"

"Hiyo."

"Mlitulisha visuli," akasema. Unajua mzee anavyosema, z kwake ni s na r ni l.

"Yule mtoto wa kaka aliponiita tata, wewe na mdogo wako mlitazamana. Mimi nikaogopa. Nikamkana."

Mzee alicheka mpaka nikataka kumpigapiga mgongoni. "Gwe mkwe! Kumbe ndiyo hiyo? Tulitasamana, ndiyo. Nilimwambia mdogo wangu kwa macho: umeona? Mtoto wa malehemu anamkimbilia hivi, basi huyu kijana ana moyo, tumpe binti yetu. Tulikuwa tumemalisa kukupa. Halafu wewe ukafungua mdomo!"

Niliinamisha kichwa nikamtazama yule jogoo.

"Mdogo wangu akataka tuondoke bila kula," akaendelea. "Alisema mtu anayemfukusa mtoto magotini, mke wake atamfanya nini? Mimi nikasema hapana, ni ujana, na ndisi simeshaiva. Tumwongesee ng'ombe mmoja, atajiulisa kwa nini, atajifunsa."

"Sikujifunza, Baba."

"Nimeona. Miaka yote unakuja hapa, unakunywa masiwa, unaondoka. Nimekungoja, mkwe. Nilikuwa naogopa nitakufa kabla."

Basi fikiria, Tusekile. Nilikutupa ili nipate mke, na kumbe wewe ndiye uliyekuwa umeshanipatia, kwa mbio zako na barafu yako. Jicho nililoliogopa miaka kumi na minne lilikuwa jicho la kunikubali. Mimi karani wa mizani, niliyesifiwa kwamba sikosei hata robo kilo.

Sikutaka kuondoka na kicheko tu. Nikamwambia mzee nataka kulisema mbele ya watu, kama nilivyolisema lile la kwanza. Akawaita wote waliokuwepo: bibi, yule mdogo wake anayetembelea fimbo, vijana waliokuwa wanakata majani. Wake za wanawe hawasogei alipo baba mkwe wao, unajua desturi ya kwetu, kwa hiyo walisimama nyuma ya migomba na sisi tukajifanya hatuwaoni. Nikasimama. Nikasema kwa Kinyakyusa kwanza, kisha nikarudia kwa Kiswahili kwa sababu lile neno baya nililisema kwa Kiswahili: kwamba Tusekile binti wa kaka yangu Gwakisa ni mwanangu, kwamba aliponiita tata alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mwongo, na kwamba nalirudisha neno lake mbele ya wale wale walionisikia nikilinyang'anya. Nyuma ya migomba nikasikia mwanamke mmoja anapenga kamasi. Yule mdogo wake mzee alinyoosha fimbo kifuani pangu akasema, "Na yule ng'ombe hatulejeshi." Nikamwambia abaki naye.

Huko unakokwenda utakuwa muuguzi, Mungu akipenda. Sitakufundisha kazi nisiyoijua. Lakini najua hospitali za nchi hii zina watu wa kila lugha, na huko Tanga kuna Wasambaa na Wadigo na wengine ambao mimi hata salamu zao sizijui. Usiku mmoja bibi mwenye homa atakushika mkono akuite mama, naye ana miaka themanini. Mwingine atakuita kwa jina la bintiye aliyekufa. Mwingine atakuita kwa neno ambalo hata hulielewi, la kwao. Usikimbilie kuwasahihisha. Mtu akikuita kwa neno kubwa kuliko cheo chako, shika mkono wake uitike. Cheo utakiongeza baadaye. Mimi nilimsahihisha mtoto wa miaka mitano, na nilikuwa sahihi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na tazama nilichovuna.

Na ukija kukosea, maana utakosea, usifanye kama mimi nilivyofanya, kungoja siku ambayo aibu itakuwa imepungua. Haipungui. Ilikuwa nzito leo kule Suma kuliko ambavyo ingekuwa mwaka ule, ila tu mabega yangu yamechoka kuikimbia. Nenda kwa wale wale uliokosea mbele yao, hata kama ni kwa kupanda pikapu ya watu ukiwa na jogoo.

Naona mama Lusajo ameshinda, mkungu umefungwa. Nitamweleza yote baada ya chakula, pamoja na habari za jogoo. Usishangae ukimsikia akipaza sauti.

Fomu yako nimeijaza. Iko ndani ya bahasha hii hii, ukurasa wa tatu. Kwenye ule mstari wa uhusiano nimeandika BABA, kwa wino, kwa herufi kubwa, na nimeikandamiza kalamu mpaka inaonekana upande wa pili. Sikukuuliza kwanza. Ukiona sikustahili, chuoni kuna fomu nyingine, utaijaza upya na sitahoji. Ila nilitaka mara moja katika maisha yangu iandikwe, na mhuri ugongwe juu yake.

Neno la kuniita sikudai. Ni langu mimi kukuita mwanangu, na nimeanza. La kwako ni lako, litoke likitaka au lisitoke. Kesho stendi kondakta atauliza huyu binti anasindikizwa na nani. Usihangaike kutafuta shati langu lina rangi gani. Nitamjibu mimi, kwa sauti, na wasafiri wote wasikie.

Na wewe ukiwa na la kuniambia kabla basi halijaondoka, kohoa tu kama siku zote. Nitageuka.

Baba yako,
Ambakisye